Sentensi sahili ya Kiingereza: mbona ndefu imekubaliwa na fupi imekataliwa?

Fundi wa Majengo

Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni fundi cherehani karibu na soko la Majengo hapa Dodoma. Niliishia darasa la saba, na sasa watoto wangu wamekua, hivyo ninajiandaa kufanya Mtihani wa Maarifa ili baadaye niweze kufanya mtihani wa Kidato cha Nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo mengine ninayamudu. Kiingereza ndicho kinachoninyima usingizi, na wala si kwa sababu ya misamiati yake migumu, bali kwa sababu ya jambo ambalo kila ninayemuuliza ananiambia ni jepesi, yaani sentensi sahili.

Nilikuwa nimeelezwa kwamba sentensi sahili ni sentensi fupi yenye wazo moja. Wiki iliyopita, katika kituo ninachosoma jioni, tulipewa zoezi la kutenga sentensi sahili na zisizo sahili. Mojawapo ilikuwa hii: "At the end of every harvest, my uncle and his two sons carry the grapes from Hombolo to the market in an old green lorry." Niliihesabu, nikakuta ina maneno 25, nikaandika kwamba si sahili. Nyingine ilikuwa hii: "She left because it rained." Hiyo ina maneno matano tu, nikaandika kwamba ni sahili. Zote mbili zilikatwa kwa wino mwekundu, na kipindi kikaisha kabla sijauliza sababu.

Jambo la pili linahusu sentensi nilizotunga mwenyewe. Niliandika "My mother she sell grapes" na "Dodoma there is many wind." Nazo zimezungushiwa duara jekundu. Kwa Kiswahili nikisema "Mama yangu anauza zabibu" au "Dodoma kuna upepo mwingi", hakuna anayenishangaa, na mimi naona nimefasiri neno kwa neno. Naomba anayefahamu anieleze taratibu, kwa maana nimechoka kukariri nisichokielewa.

Mwalimu Mstaafu, Kongwa

Mbukwa, fundi, na hongera kwa kurudi darasani. Nilifundisha Kiingereza katika shule za sekondari kwa miaka 31, na swali lako nililisikia karibu kila mwaka kutoka kwa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, ambao walikuwa wametoka kusoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi na ghafla wakatakiwa kusoma karibu kila kitu kwa Kiingereza. Soma polepole, ukiwa na daftari mkononi.

Kosa halikuanzia kwako. Aliyekuambia kwamba sentensi sahili ni sentensi fupi alikupa futikamba iliyokatika. Urefu hauhusiki kabisa, na hilo la "wazo moja" nalo halisaidii, kwa sababu hakuna anayeweza kukuonyesha wazo moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Kinachohesabiwa ni kishazi, na kishazi utakitambua kwa kitenzi kilichobeba njeo, yaani kitenzi kinachoonyesha kama jambo ni la sasa au limepita, pamoja na kiima chake, yaani yule au kile kinachotajwa kuwa kinatenda. Sentensi yenye kishazi huru kimoja tu, yaani kinachoweza kusimama peke yake, ni sahili, hata ikijaza mistari mitatu.

Tuichukue sentensi ya zabibu tuifumue kama unavyofumua mshono. "At the end of every harvest" inasema jambo hufanyika lini, iondoe. "From Hombolo to the market" inasema mzigo unatoka wapi na unakwenda wapi, iondoe. "In an old green lorry" inasema unasafirishwa kwa chombo gani, iondoe pia. Kinachobaki ni "My uncle and his two sons carry the grapes." Watu ni watatu, lakini wote wamekaa katika kiima kimoja, na kitenzi ni kimoja tu, "carry". Vile vipande tulivyoondoa ni chagizo, na chagizo kwa sentensi ni kama marinda kwa gauni: ukiyaongeza, gauni linabaki lile lile moja.

Sasa itazame ile fupi. "Left" ni kitenzi chenye njeo, na kiima chake ni "she". "Rained" nacho ni kitenzi chenye njeo, na kiima chake ni "it". Hivyo ni vishazi viwili, na neno "because" limekifanya cha pili kuwa kishazi tegemezi, yaani kisichoweza kusimama peke yake. Kwa hiyo sentensi ni changamano. Kama mtunzi angeandika "She left because of the rain", ingekuwa sahili, kwa kuwa "rain" hapo ni nomino na haina njeo yoyote. Maana ni karibu ile ile, lakini muundo umebadilika, na mtihani unauliza muundo.

Hapa ndipo penye mtego ambao walimu wengi hatuutaji. Kiswahili, kama ilivyo Kigogo na Kirangi na lugha nyingine nyingi za Kibantu, hubeba kiima ndani ya kitenzi chenyewe. Katika "alikuwa anashona", kiambishi "a-" kimejitokeza mara mbili, njeo ya wakati uliopita imo katika "alikuwa", na "-na-" imo katika "anashona". Sisi tumezoea kila neno la kundi la kitenzi lijitegemee kwa viambishi vyake. Kiingereza hakifanyi hivyo. Katika "She was sewing", njeo imekaa katika "was" peke yake, na "sewing" haina kitu. Katika "She has been sewing since morning", njeo imekaa katika "has", na mengine yote yanafuata nyuma mikono mitupu. Mwanafunzi wetu huona maneno matatu ya kitenzi akadhani kuna vishazi vitatu, ilhali ni kimoja.

Ukilishika hilo, utaona pia kwa nini "I did not sold" ni kosa. "Did" imekwisha kubeba wakati uliopita, na njeo haibebwi mara mbili, kwa hiyo kitenzi kinachofuata lazima kirudi katika umbo lake la msingi: "I did not sell." Nimesahihisha kosa hilo katika madaftari mengi kuliko kosa jingine lolote, na kwa muda mrefu niliwaambia wanafunzi wakariri tu. Ninajutia miaka hiyo, kwa sababu sababu yake inaelezeka kwa dakika tano.

Tuje kwa mama yako. Ukisema "Mama yangu anauza zabibu", kiambishi "a-" katika "anauza" kinapatana na "mama". Unapofasiri, unahisi kwamba "a-" nayo inadai neno lake, ndipo unapoingiza "she". Lakini Kiingereza hakina "a-" ya kufasiriwa. Kiima kikishatajwa kimetosha: "My mother sells grapes." Kosa la upande wa pili ni la anayeandika "Is selling grapes" pasipo kiima chochote, akidhani kitenzi kitajieleza chenyewe kama "anauza" inavyojieleza. Kwetu neno moja, "Ninashona", ni sentensi kamili. Kwao kiima lazima kisimame nje, mbele ya kitenzi, isipokuwa katika amri kama "Close the door", ambapo anayeambiwa yupo mbele yako na anaeleweka.

Na ile "s" ya "sells" usiichukie. Kiingereza cha kale, miaka elfu moja na zaidi iliyopita, kilikuwa na miishio mingi ya kitenzi iliyoonyesha nani anatenda. Karibu yote imepotea, na "s" hii ni mabaki yake. Ni upatanisho wa kisarufi kama wetu, ila umebaki mahali padogo sana: nafsi ya tatu, umoja, wakati uliopo.

Kwa kuwa miishio imepungua kiasi hicho, mpangilio wa maneno ndio unaofanya kazi ambayo kwetu hufanywa na viambishi. Mimi naweza kusema "Mbuzi amekula mahindi", na pia "Mahindi mbuzi ameyala", ukajua ni nani aliyekula, kwa sababu "a-" ni ya mbuzi na "-ya-" ni ya mahindi. Kwa Kiingereza "The goat ate the maize" ni habari ya kawaida, lakini "The maize ate the goat" ni maajabu. Kwa hiyo unapotunga, weka kiima, kisha kitenzi, kisha kile kinachotendwa, na marinda yakae mwanzoni au mwishoni.

Lile la upepo nawaachia wengine, macho yangu yamechoka.

Ticha wa Msingi, Kondoa

Nashukuru kwa somo la Mwalimu, nami niongeze kuhusu upepo, kwa sababu ndilo linalowasumbua hata watoto ninaowafundisha.

Kwetu mahali panaweza kukalia nafasi ya kiima. "Dodoma kuna upepo" ina kiambishi cha mahali, "ku-", na sentensi imekamilika. Kiingereza hakiruhusu neno "Dodoma" likae mbele hivyo likiwa kama kiima. Kina njia mbili. Ya kwanza ni kutumia "there" kushika nafasi ya kiima, kisha unataja kilichopo, na mahali panakwenda mwisho pakiwa na kihusishi: "There is a lot of wind in Dodoma." Ya pili ni kutumia "it", neno ambalo hapo halimtaji mtu wala kitu, bali linajaza tu nafasi ya kiima ambayo Kiingereza hakikubali ibaki wazi: "It is windy in Dodoma." Hii ya pili ndiyo inayozoeleka zaidi masikioni. Sisi tunasema "Mvua inanyesha", na mvua yenyewe ndiyo kiima, wao wanasema "It is raining."

"Many wind" nayo ilikosewa kwa sababu upepo kwa Kiingereza hauhesabiki. Katika "there is" na "there are", kitenzi hufuata kile kinachotajwa baadaye: "There is a customer outside", lakini "There are three customers outside."

Jambo jingine ninaloliona sana ni "-na" na "-me-". Mtoto ana njaa, anaandika "I have hungry." Ana miaka 10, anaandika "I have 10 years." Kiingereza hutumia kitenzi "be" hapo: "I am hungry", "I am 10 years old." Vivyo hivyo, "Zabibu zimeiva" watoto huifanya "The grapes have ripe", kwa kuwa wamefundishwa kwamba "-me-" ni "have". Lakini tunapotazama shada na kusema zimeiva, tunaeleza hali yake ilivyo sasa, na Kiingereza huieleza hali hiyo kwa "The grapes are ripe." Nimechoka ni "I am tired." Sentensi zote hizi ni sahili, na ndizo anazohitaji mtu kila siku.

Mwanaisimu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma)

Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuongeza mambo mawili kwa ajili ya dada yetu, kwa sababu atakutana nayo katika mazoezi.

La kwanza linahusu sentensi kama "My aunt washed the grapes and sold them." Ina vitenzi viwili vyenye njeo, "washed" na "sold", lakini kiima ni kimoja. Vitabu vingi vya shule huiita sahili, kwa hoja kwamba kiima kimoja kina kiarifu, yaani sehemu inayoeleza habari za kiima, chenye vitenzi viwili vilivyounganishwa. Baadhi ya wanasarufi huiona kuwa ambatano, yaani vishazi huru viwili vilivyounganishwa, ambayo kiima chake cha pili kimedondoshwa. Mimi binafsi naona hoja ya pili ina nguvu zaidi, lakini dada akiwa katika chumba cha mtihani na afuate kitabu alichofundishiwa. Ikiandikwa "My aunt washed the grapes and my cousin sold them", hapo hakuna ubishi, ni ambatano, kwa kuwa kila kitenzi kina kiima chake.

La pili ni kwamba sentensi inaweza kuwa na kiima na kitenzi, na bado ikawa haijakamilika. Kitenzi ndicho kinachoamua kinataka kufuatwa na nini. "The baby slept" imetosha. "Buy" kinadai kitu kilichonunuliwa. "Give" kwa kawaida kinadai kitu na anayepewa: "I gave my neighbour a needle." "Put" kinadai kitu na mahali, hivyo "She put the scissors" inaning'inia mpaka useme "on the table". Kwa Kiswahili tunaokolewa na kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi. Mtu akiuliza "Umenunua vifungo?" unajibu "Ndiyo, nimevinunua", na "-vi-" imekwisha kuvitaja vifungo. Tukifasiri, "-vi-" inapotea njiani, tunajibu "Yes, I bought." Anayesikia anabaki akisubiri. Jibu ni "Yes, I bought them."

Fundi wa Majengo

Shikamoo, Mwalimu, na nawashukuru sana ticha wa Kondoa na kaka wa UDOM. Nimesoma majibu yenu mara tatu nikiwa hapa kwenye cherehani, na kwa mara ya kwanza nimeona sababu, si amri. Hilo la "-vi-" ya vifungo limenigusa, kwa sababu ndivyo nilivyomjibu mteja mmoja mgeni mwezi uliopita, na nilimwona akisubiri kama mlivyosema.

Nimetunga sentensi tano, zote nikidhamiria ziwe sahili. Naomba mzipitie bila kunionea huruma.

"Every Saturday from morning to evening, my younger sister and I sew school uniforms under a big neem tree behind the market."

"It is very windy in Dodoma in July."

"My customer told me to bring the dress before Friday."

"One of my customers live in Chamwino."

"I make trousers for children who live in Nkuhungu."

Ya tatu inanitia shaka, kwa sababu ninaona "told" na pia ninaona "to bring", na sijui kama hivyo ni vitenzi viwili au kimoja.

Mwalimu Mstaafu, Kongwa

Marahaba, binti yangu. Ya kwanza na ya pili zimenyooka, sina la kuongeza. Nimefurahi kwamba ile ndefu umeitunga wewe mwenyewe, na kwamba ndani ya ule mwarobaini na Jumamosi yote kuna kitenzi kimoja tu, "sew".

Katika ya tatu, "told" kina njeo na "to bring" hakina. Jaribu kukibadilisha wakati utaona: siku ikiwa jana, leo au kesho, "to bring" haigeuki, kinachogeuka ni "told", "tells", "will tell". Kwa kipimo cha vitabu vya shule, kinachohesabu vitenzi vyenye njeo pekee, sentensi hiyo ni sahili. Kaka wa UDOM anaweza kukuambia kwamba wapo wanasarufi wanaokiita "to bring the dress" kishazi kisicho na njeo, naye atakuwa hajakosea, lakini hilo liache mpaka ufaulu.

Ya nne ni sahili kwa muundo, ila upatanisho umeteleza. Umeiona "customers" iko jirani na kitenzi, ukaipatanisha nayo. Fumua kiima chenyewe: "of my customers" ni maelezo yaliyoning'inizwa, na kichwa cha kiima ni "one". Mtu mmoja, nafsi ya tatu, wakati uliopo: "One of my customers lives in Chamwino." Kwa Kiswahili hukosei hapo, unasema "Mmoja wa wateja wangu anaishi Chamwino", wala huwezi kusema "wanaishi". Sikio lako la Kiswahili linajua kazi hii tayari, lipe nafasi.

Ya tano si sahili. "Make" kina njeo na kiima chake ni "I"; "live" nacho kina njeo, na kiima chake ni "who", kinachorejea watoto. Ni lile lile la "wanaoishi", ambapo "-o-" ya urejeshi imezaa kishazi tegemezi ndani ya sentensi. Si sentensi mbaya, ni changamano nzuri kabisa, ila haikuwa hicho ulichokusudia. Ukitaka iwe sahili, geuza kile kishazi kiwe kirai, yaani kikundi cha maneno kisicho na kitenzi chenye njeo: "I make trousers for children from Nkuhungu."

Andika upya ya nne na ya tano kwa mkono wako. Kisha utunge nyingine tano ambazo ni maswali, kila moja ikianza na "do", "does" au "did", uziweke hapa. Nitazisoma kesho jioni nikitoka shamba.